Samaki wawili kwenye sahani ya kijani ya Kichina: wana maana gani hasa?

#1 MjukuuWaPangani
Wadau habari za leo. Nina swali ambalo limeshaleta maneno nyumbani kwetu, wenye kujua naomba mnisaidie. Bibi mzaa mama alifariki mwaka juzi, kwenye kugawana vitu vyake mimi nikaangukiwa na sahani moja ya Kichina, ya kijani, ile kijani iliyopoa kama maji ya mlangoni mwa mto yakijaa asubuhi, na ni nzito kuliko inavyoonekana. Katikati kuna samaki wawili wadogo wamenyanyuka, ukipitisha kidole unawasikia kabisa. Ukiigeuza, kwa nje imechongwa majani majani membamba yamezunguka yote kuanzia kwenye kitako hadi karibu na mdomo, kama ua lililofunguka. Bibi hakuwahi kuilia chakula. Ilikaa kidakani, siku ya kuamkia Idi anaishusha, anaifuta, anairudisha. Yeye alipewa na mama mkwe wake siku anaingizwa nyumbani.

Sasa mjomba anasema samaki wawili ni mume na mke, hiyo ni sahani ya harusi. Mama mdogo anasema Wachina samaki kwao ni pesa. Kaka yangu ndo kaleta kubwa zaidi, anasema hizo ni alama za ibada zao na hazifai kukaa kwenye nyumba ya Waislamu. Nani yuko sawa? Na huyo fundi aliyeichonga alikuwa anafikiria nini?

#2 Nanga_Moja
Weka picha mkuu. Mbele, nyuma na kitako. Bila kuona kitako hatujaanza.

#3 Yiwu255
Mama mdogo kapatia, mpe soda. Mimi niko huku Yiwu, China, mwaka wa tisa nanunua mizigo, na kila ukifika mwaka mpya wao milango inabandikwa karatasi nyekundu zenye samaki. Samaki wanamwita yu, na neno la kubakiza, yani kuwa na ziada, nalo ni yu, sauti ile ile haijapishana hata kidogo. Halafu hilo ua la nyuma naamini ni yungiyungi, wenyewe wanaita lian, na lian nyingine maana yake ni kufululiza. Ukiweka yungiyungi na samaki pamoja umeshaandika sentensi nzima: mwaka hadi mwaka mfululizo uwe na ziada. Ndo maana wanachora hata popo, mnyama ambaye sisi tunamfukuza na ufagio, kwa sababu popo ni fu na heri nayo ni fu. Kulungu ni lu, na lu ni mshahara wa ofisa wa serikali. Ukiijua sauti unasoma sahani kama unavyosoma kanga.

#4 BintiShela
Hapo kwenye kanga umenifurahisha @Yiwu255, kweli ni kama kanga, mtu asiyejua Kiswahili ataona maua tu na mwenye kujua ataona ameambiwa jambo.

Sisi huku Lamu sahani za kijani twazijua kwa wazee. Nyumba za mawe zina madaka ukutani, safu juu ya safu, na sahani za kaure ndizo zilokuwa zikiwekwa mle. Kuna utenzi wa kale wa Pate unalilia majumba ya matajiri yalobomoka, madaka ya sahani yamegeuka malazi ya ndege. Kwa hivyo nyanya yako kuiweka kidakani na kuifuta siku ya Idi si jambo geni. Kwetu ilikuwa ni heshima ya nyumba. Maana ya samaki sikuwahi kusikia mtu akiuliza.

#5 FundiMlango
Niseme la ufundi. Mie ni mchongaji milango hapa Unguja, nimerithi kwa baba. Hizo sahani za kijani nimeziangalia sana makumbusho na kilichonivutia ni namna kisu kilivyoingia. Ukichonga ua kwenye ubao, kisu ukikisimamisha wima unapata mstari tu, mkavu, haujiwezi. Ukikilaza, upande mmoja ukaingia ndani na upande wa pili ukapanda taratibu, hapo jani linainuka lenyewe na kivuli kinakaa. Wale Wachina wamefanya hivyo hivyo lakini kwenye udongo ambao haujakauka, uko kati kwa kati, mgumu wa kushikika ila kisu bado kinapita. Ukisubiri saa zaidi unamenyuka, ukiwahi unajikunja. Halafu juu wakapaka kile kioo cha kijani, kikiyeyuka motoni kinatelemka kwenye mifereji, palipo na kina kinakuwa kizito na cheusi cheusi, palipoinuka kinabaki chembamba na cheupe. Yani kivuli sicho cha taa, ni kivuli kilichogandishwa. Mie kwenye mlango nategemea jua linipe kivuli, yeye kakitia ndani moja kwa moja.

#6 Vigae_Vigae
Uzi mzuri. Niongeze na nirekebishe kidogo, nimefanya kazi ya kuosha na kupanga vigae vya magofu kwa misimu kadhaa.

Kwa maelezo ya #1 (nasubiri picha) hiyo inafanana na kazi za Longquan, mji uko kusini mwa mkoa wa Zhejiang, China. Seladoni za huko, yani hivi vyombo vya kijani, zilitengenezwa kwa karne nyingi, zikapanda sana enzi ya Song ya Kusini kwenye miaka ya 1100 na 1200, zikaendelea kwa wingi enzi ya Yuan (1279 hadi 1368) na Ming ya mwanzo. Kijani inatoka kwenye chuma kidogo sana kilichomo kwenye kile kioo cha juu, tanuri likinyimwa hewa chuma kinageuka kijani, hewa ikizidi kinageuka njano au kahawia. Sahani za namna hii zimeokotwa vigae Kilwa, Gedi na sehemu nyingi za mwambao wetu.

Rekebisho: petali za nje ndo zimechongwa kwa kisu. Samaki HAWAKUCHONGWA. Walipigwa kwenye kalibu ndogo pembeni, mmoja mmoja, wakabandikwa ndani ya sahani kwa uji wa udongo kabla ya kupakwa. Ndo maana unawasikia kidoleni. Na kuna sababu ya kiufundi: mafundi wa Longquan wakati ule walikuwa wanapaka kioo kinene sana, safu juu ya safu, ili kifanane na jadi (jade), lile jiwe la kijani ambalo Wachina wanalithamini kuliko dhahabu. Kioo kikiwa kinene hivyo mstari mwembamba wa kisu unazama hauonekani tena. Kwa hiyo ukitaka pambo lionekane, ama uchonge kwa kina kama hizo petali, ama ubandike kitu kilichoinuka. Kwa maoni yangu samaki yuko pale kwanza kwa sababu anaonekana.

#7 MjukuuWaPangani
Asanteni sana jamani. Picha hizo nimepandisha 3. Samahani kwa mwanga, ndo simu niliyonayo. @Vigae_Vigae kumbe wamebandikwa! Nimeangalia kwa karibu kweli mmoja ana kaupande ambako kioo kimejikusanya chini ya mapezi kama hakukushika vizuri.

#8 Nanga_Moja
Kitako kina rangi ya kutu pale kusikopakwa, hiyo ni dalili njema, udongo wa Longquan ukichomwa unageuka mwekundu mwekundu ukingoni. Lakini hata za kuiga za leo zinafanya hivyo, kwa hiyo usianze kutangaza.

#9 Yiwu255
@Vigae_Vigae kuonekana sawa, lakini kwanini samaki na si mbuzi? Angeweza kubandika chochote. Kaweka samaki kwa sababu mnunuzi alitaka kusikia yu, yu.

Halafu Longquan nimefika, mwaka ule biashara ilipokuwa imesimama nikapanda basi, ni masaa kadhaa kutoka Yiwu, milima mitupu na mianzi. Mji umejaa maduka ya visu na mapanga maana panga la Longquan ni maarufu kama seladoni. Nikaingia karakana ya mzee mmoja, tanuri zao za asili wanaziita za joka, refu linapanda mlima mita kwa mita, moto unawashwa chini unapanda wenyewe. Ule utaalamu wa kuchoma umeandikwa UNESCO tangu 2009. Nikamuonyesha picha ya sahani yenye samaki akacheka akasema niannian youyu, kila mwaka ziada. Mwenyewe kasema!

#10 Vigae_Vigae
Mkuu sikatai kwamba LEO mzee wa Longquan anasoma hivyo. Lakini leo sio miaka 700 iliyopita. Mafumbo ya sauti kwenye vyombo, popo wa heri na kulungu wa mshahara, yalishamiri hasa enzi za Ming na Qing, nyuma zaidi ya hapo lazima uende polepole. Ukimuuliza mtu wa leo maana ya kitu cha kale atakupa maana ya leo, na atakupa kwa moyo mmoja kabisa.

#11 Mwalimu_Mstaafu
Vijana hamjambo. Samaki wawili ni wakubwa kuliko Longquan. Enzi ya Han, hiyo ni kati ya mwaka 206 KK na 220 BK, Wachina walikuwa na beseni za shaba za kunawia na ndani kwenye kitako kuna samaki wawili wamelala sambamba. Mfinyanzi wa Song aliishi wakati ambapo wasomi wa China wameshikwa na mapenzi ya vitu vya kale, wanakusanya shaba za mababu, wanazichora. Kwa hiyo mfinyanzi yaweza kuwa ameiga chombo cha heshima cha zamani, kama vile leo mtu anavyojenga nyumba ya bati akaweka mlango wa Kizanzibari.

Na kuna jingine. Yupo mwanafalsafa wao Zhuangzi, inasimuliwa alisimama na rafiki yake kwenye daraja la mto Hao akasema, tazama samaki wanavyoogelea, hiyo ndiyo furaha yao. Rafiki akamwambia wewe si samaki, umejuaje kama wana furaha? Naye akamjibu, wewe si mimi, umejuaje kama sijui? Msomi wa Kichina akiona samaki ndani ya sahani yaweza kuwa anakumbuka daraja lile na sio mfuko wa pesa.

#12 Chozi_la_Mkoko
Mwalimu hapo kwenye "wewe si mimi" umejibu uzi mzima bila kujua 😂

Nakazia ya mjomba. Kwenye mapambo ya Kichina samaki wawili wanaooana wapo tangu zamani, na samaki ana mayai mengi, kwa hiyo ni kuombewa uzazi. Komamanga nalo hivyo hivyo kwa ajili ya mbegu. Bata wawili wa kwenye yungiyungi ni ndoa isiyoachana. Na bibi alipewa siku ya kuingizwa nyumbani! Mama mkwe hakuokota tu.

#13 BintiShela
Lakini ewe @Chozi_la_Mkoko mama mkwe wa Pangani angejulia wapi maana ya Mchina? Alimpa kwa sababu ndicho kitu cha thamani kilokuwa nyumbani. Harusi ni ya Pangani, samaki ni wa China, wamekutana ndani ya sahani tu.

#14 Mfungwa_wa_Vitabu
Mmemruka kaka yake. Hajakosea kote. Samaki wawili wa dhahabu ni moja ya alama nane za heri za Ubuddha, zilitoka India, na inaelezwa mwanzo wake ni mito miwili ya Ganga na Yamuna. Na yungiyungi ndo kabisa, Buddha anakaa juu ya yungiyungi. Bakuli lililochongwa petali kwa nje ni ua, na unachoweka ndani umekiweka kwenye ua. Ila hata hapo China yungiyungi halikubaki la dini peke yake. Zhou Dunyi (1017 hadi 1073), ambaye ni mwalimu wa mkondo wa Confucius, alilisifu kwa sababu linatoka kwenye tope bila kuchafuka, akalifanya mfano wa muungwana. Watu wawili wamekaa meza moja, mmoja anaona dini mmoja anaona tabia njema, ua ni moja.

#15 KibarazaTanga
Kwa upande wa kaka naomba nitie neno kwa heshima. Kama shida ni dini, mbona Waislamu ndo walikuwa wateja wakubwa? Ikulu ya Topkapi Istanbul mpaka leo ina seladoni za Kichina zaidi ya 1,000, zilikuwa za masultani. Wafinyanzi wa Uajemi na wa Fustat kule Misri waliziiga na samaki wao ndani. Na watu waliamini kwamba chakula chenye sumu kikiwekwa kwenye seladoni sahani inabadilika rangi au inapasuka, imani hiyo ilikuwepo Mashariki ya Kati mpaka visiwa vya Asia. Sasa hapo samaki ana maana ya nne: mlinzi.

#16 Vigae_Vigae
Ile ya sumu ni imani tu, kioo cha seladoni hakijibu sumu yoyote, mtu asije akajaribu. Ila kama imani ni kweli ilikuwepo na nadhani ilisaidia kuuza.

#17 Mzalendo_London
Nimechelewa uzi. Niko London, na nikiwa na siku mbaya naenda British Museum chumba cha 95, bure, kuna mkusanyo wa Sir Percival David, vyombo vya Kichina karibu 1,700. Niwaambie ukweli, kama mnaongelea KUCHONGA, Longquan sio kileleni. Nendeni mkaangalie Yaozhou na Ding.

Yaozhou ni kaskazini, mkoa wa Shaanxi, kijani yake ni ya zeituni, imeiva. Kule enzi ya Song ya Kaskazini ndo walikuwa na kisu kilicholazwa kama alivyosema @FundiMlango, maua ya peoni yamejaa bakuli zima hakuna nafasi ya kuweka kidole, halafu ndani ya jani wanapitisha kitana, mistari membamba ya mishipa. Kuna jiwe la maandishi la mwaka 1084 huko Huangbao linalosifu kazi hiyo kwa kuifananisha na kusubu dhahabu na kuchonga jadi.

Ding ni mkoa wa Hebei, nyeupe, nyeupe ya meno ya tembo kwa sababu walichoma kwa makaa ya mawe. Kuchonga kwake ni kwa wepesi mno, kama mtu aliyechora yungiyungi kwa pumzi moja bila kuinua mkono. Huwa nasimama mbele ya bakuli moja la Ding mpaka mlinzi ananiangalia. Na bakuli nyingi za Ding zilichomwa kichwa chini, kwa hiyo mdomo haukupakwa, ukabaki mkavu, wakauvalisha pete ya shaba au fedha. Peoni ni utajiri na cheo, hiyo haina ubishi.

#18 FundiMlango
@Mzalendo_London umenitia hamu sana. Hicho kitana nacho sie tunacho chetu, tunajaza kwa patasi ndogo kwenye jani.

Ila niseme jambo kuhusu maana. Milango yetu ina samaki chini ya mihimili, ina mawimbi, ina mnyororo, ina mawaridi ambayo wengine wanaita yungiyungi. Kila siku watembeza wageni wanapita kibarazani kwangu wanasema samaki ni uzazi, mnyororo ni ulinzi, na mwenzake kesho anasema mnyororo ni utumwa. Mie nimekaa na patasi nasikiliza. Baba alinifundisha samaki kwa sababu yeye alifundishwa samaki. Hakuniambia maana hata siku moja, aliniambia mkia usiuchonge mnene, utavunjika. Sasa yule wa Longquan mwenye kubandika samaki mia kwa siku, mnamuuliza alikuwa anafikiria nini. Mie naona alikuwa anafikiria wasibanduke. Na hilo si dogo, kufikiri wasibanduke ndo ufundi wenyewe.

#19 Mfungwa_wa_Vitabu
Fundi hapo umesema, lakini asiyejua maana bado anaibeba. Mtoto anasema "salama" kabla hajajua neno limetoka kwenye amani ya Kiarabu. Maana imo, haimsubiri msemaji.

#20 Mwalimu_Mstaafu
Nawaunga mkono wote wawili, na najua haiwezekani.

#21 Doto_Mwekezaji
Wakuu inauzwa bei gani hiyo? Mwenye nayo nicheki tuongee.

#22 Nanga_Moja
@Doto_Mwekezaji hapana. Tanzania sheria ya mambo ya kale ya 1964 inavihesabu vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na kuvitoa nchini bila kibali ni kosa. Na ndugu zetu mnaookota vigae pale Kilwa Kisiwani mkauzia wageni, pale ni urithi wa dunia tangu 1981, kigae kikitoka mahali pake kinakuwa kipande cha sahani tu, hakisemi tena nani aliishi wapi. @MjukuuWaPangani ukitaka kuijua umri, ipeleke Makumbusho ya Taifa Dar mkono kwa mkono, usitume kwa mtu.

#23 MjukuuWaPangani
Haiuzwi. Ahsante Nanga.

#24 KibarazaTanga
Tukiwa huko huko, mbona hakuna aliyetaja makaburi? Makaburi ya nguzo, Kunduchi, Kaole, Mambrui, mabakuli ya Kichina yamejengewa kwenye nguzo. Kaole leo nyingi unaona mashimo tu. Hao walikuwa na maana gani? Maana hiyo nayo ni alama, tena ya kwetu. Babu yangu alisema ni kuzuia jicho. Kitabu cha shule kilisema ni utajiri. Mimi mwenyewe nikiangalia naona ni kidaka, wamemjengea marehemu ukuta wa nyumba yake.

#25 Vigae_Vigae
Sawa ila angalizo: ya makaburini mengi ni ya bluu na nyeupe, ya Ming na baada yake, ya kuchora kwa brashi sio ya kuchonga. Msichanganye. Seladoni tunaikuta zaidi majumbani na misikitini, kama vigae. Gedi hata nyumba moja imepewa jina la bakuli la kaure kwa sababu ya kilichopatikana ndani yake, mwanaakiolojia Kirkman alipochimba kuanzia 1948. Na mwanaakiolojia mwingine, Mortimer Wheeler, alipopita pwani ya Tanganyika 1955 akasema vigae vya Kichina vinazoleka kwa koleo.

Na kuna za zamani zaidi ya Longquan. Manda na Shanga huko kwenu @BintiShela vimetoka vigae vya Yue, seladoni ya kale kutoka Zhejiang hiyo hiyo, vya miaka ya 800 na 900.

#26 BintiShela
Shanga nimefika, ni Pate. Wazee wa Siyu hawashangai kabisa kusikia Mchina, wakwambia sisi twajua.

Kuhusu makaburi naona yote matatu yaweza kuwa pamoja. Mtu akifiwa hafanyi jambo kwa sababu moja.

#27 Chozi_la_Mkoko
Turudi kwa samaki jamani. Swali dogo: wanaogelea kuelekea upande mmoja au wanafuatana mkia? Nimeona za aina zote mbili. Kama sambamba ni kama za beseni za Han za mwalimu, kama wanazungukana ni kitu kingine.

#28 Yiwu255
Sambamba au mzunguko bado ni yu. Sijasogea.

Ila @FundiMlango kanifanya nimkumbuke yule mzee Longquan. Nilipomuuliza maana alinijibu mara moja, sekunde mbili. Nilipomuuliza kuhusu petali za nje alinyamaza, akachukua bakuli bichi akanionyesha. Anachonga kila petali kwa mikato miwili, wa kushoto na wa kulia, na katikati anabakiza uti umesimama ili kioo kikatike pale paonekane mstari mweupe. Petali moja, pili, tatu, anazungusha kwa mkono wa kushoto hapimi, na ya mwisho ikaingia kwenye nafasi iliyobaki sawasawa. Nikamuuliza umepimaje akasema hapana, ya mwisho nawaambia zingine mapema zisogee. Mpaka leo nalifikiria hilo jibu.

#29 FundiMlango
Huyo mzee nimempenda bure.

#30 Mzalendo_London
Kabla hatujafunga, kuna bakuli moja Makumbusho ya Taifa ya Tokyo, seladoni ya Longquan, la Song ya Kusini. Inasimuliwa lilimfikia shogun (mtawala wa kijeshi wa Japani) Ashikaga Yoshimasa miaka ya 1400 likiwa limepasuka, akalirudisha China aletewe lingine kama hilo. China wakajibu haliwezekani tena, wakalishona kwa pini za chuma wakalirudisha. Wajapani wakazipenda zile pini, wakasema zinafanana na panzi. Sasa niambieni maana ya panzi kwenye sahani ni nini, na fundi wa kwanza hakuwahi kumfikiria.

#31 Mwalimu_Mstaafu
Hiyo peleka darasani.

@MjukuuWaPangani fanya jambo moja. Weka maji safi kwenye sahani, kidogo tu, uiweke dirishani, uangalie. Usiegemee kwenye maelezo yetu kwanza.

#32 MjukuuWaPangani
Nimefanya mwalimu. Nimeweka asubuhi hii kabla sijaenda kazini, maji vikombe viwili, nikaiweka kwenye meza ya dirishani. Kwanza sikuona kitu. Halafu gari likapita barabarani meza ikatetemeka kidogo na wale samaki wakasogea. Sio kwamba nimedhani, kioo cha chini na maji ya juu vyote vinatikisa mwanga na mapezi yanapotea yanarudi. Nimekaa pale mpaka nimechelewa daladala.

Wanafuatana mkia @Chozi_la_Mkoko, wanazunguka. Kaka alikuwepo akasogea akaangalia kwa muda, hakusema neno la kuitoa. Mtoto wake wa miaka 5 akauliza, baba mdogo, wanakimbizana au wanacheza? Nikamwambia sijui. Akasema wa nyuma amechoka.

Ni yule ambaye kioo kimejikusanya chini ya mapezi.

#33 Chozi_la_Mkoko
Basi mtoto kashinda.

#34 FundiMlango
Na petali za nyuma, umezihesabu ni ngapi? Tafuta ambayo ni nyembamba kuliko wenzake. Hapo ndipo alipomalizia.

#35 MjukuuWaPangani
Narudi nyumbani jioni, ntahesabu.